Ufunguo wa Sanduku la Vitabu

Mwezi huu nataka kuwaambieni habari za maktaba, yaani nyumba za vitabu vya kuazimwa, na habari za watu waliojaliwa mali kuliko haja yao wakataka kuzisaidia nyumba hizo katika nchi zenye umaskini. Ni habari njema kuzisikia, walakini zinataka kufikiriwa, maana si kila kitu kitolewacho kwa moyo mwema humfikia yule aliyekusudiwa. Nami sitaanza na matajiri wa mbali. Nitaanza na sanduku langu mwenyewe, ijapokuwa naona haya.

Nilipokuwa mwalimu kijana nalikuwa na sanduku la mbao chini ya kitanda, na ndani yake vitabu 43. Vingine nalipewa nilipomaliza masomo, vingine nalivinunua kidogo kidogo kwa mshahara wangu, na kamusi moja kubwa naliachiwa na mwalimu wangu alipofariki. Katika kijiji kile hapakuwa na nyumba nyingine yenye vitabu hata vitano. Kama mtu angaliniuliza siku zile kama mimi ni tajiri, ningalicheka, maana paa la nyumba lilivuja na shati langu la Jumapili lilikuwa moja tu. Lakini kwa vitabu nalikuwa tajiri wa kijiji, wala sikujua.

Kijana mmoja wa jirani, wa miaka kumi na miwili hivi, alikuja jioni moja akasimama kando ya mlango, akaniamkia, "Shikamoo, mwalimu." Nikamwitikia, "Marahaba, mwanangu." Akaniomba kitabu cha kusoma. Nikamwambia, "Vitabu hivi ni vya gharama, nawe mikono yako ina udongo wa shamba. Ngoja ukue kidogo." Akaja mara ya pili, amenawa mpaka viwikoni. Nikatafuta sababu nyingine, nikaipata. Mara ya tatu hakuja.

Sanduku likakaa na kufuli yake. Mwaka uliofuata, katika mvua za masika, nalitaka kutazama neno katika kamusi, nikalivuta sanduku, nikaona njia ya udongo imepanda pembeni. Mchwa walikuwa wameingia kwa chini wakala kwenda juu. Katika vitabu 43 vilibaki 11, na kamusi haikuwamo. Yule kijana alikuwa amekwisha kwenda mjini kutafuta kazi ya kupakia mizigo. Sisemi kwamba kitabu kimoja kingalimzuia asiende. Nasema tu ya kuwa mchwa walipata vitabu vyangu kabla yake.

Tangu siku ile, kila nisomapo habari za vitabu vilivyofungiwa, moyo hunishtuka. Na habari ya namna hiyo ilitokea mwaka 1998 katika nchi ya Nepal, penye milima mirefu kuliko yote duniani. Bwana mmoja wa Marekani, jina lake John Wood, mwenye cheo kizuri na mshahara mkubwa katika kampuni ya Microsoft, alikwenda huko kutembea milimani wakati wa mapumziko yake. Akapelekwa kuona shule ya kijiji yenye wanafunzi mamia. Palikuwa na chumba kilichoitwa maktaba, lakini vitabu vilikuwa vichache sana, vilivyoachwa na wasafiri wapitao njia, vingi vyao havikuwafaa watoto hata kidogo. Na hivyo vichache navyo vilikuwa kabatini, vimefungiwa, kusudi watoto wasiviharibu. Nalipoyasoma hayo nikaona kwamba walimu wale wa Nepal na mimi ni ndugu. Mtu mwenye vitu vingi hawezi kuelewa hofu hiyo. Kitabu kikiwa kimoja, mtoto akikirarua kimekwisha. Basi mwalimu anakilinda, na katika kukilinda anakifanya kama hakipo.

Wood akarudi, akawaandikia rafiki na jamaa zake, vitabu vikajaa katika nyumba ya wazazi wake. Mwaka uliofuata alikwenda tena Nepal pamoja na baba yake, wakavipandisha milimani kwa wanyama wa mizigo. Baadaye akaiacha kazi yake yenye mshahara ule, akaanzisha shirika liitwalo Room to Read. Wengi humsifu kwa kuacha mshahara, na sifa hiyo ni haki yake. Lakini mimi namsifu kwa jambo jingine. Shirika lake halikuendelea kupeleka vitabu vya Kiingereza peke yake; liliona ya kuwa mtoto asiyeijua bado kusoma lugha ya mama yake hapati faida kubwa kwa kitabu cha lugha ngeni, likaanza kuwatafuta waandishi na wachoraji wa nchi zile zile, na kupiga chapa hadithi za watoto kwa lugha zao. Hata Tanzania limefanya hivyo kwa Kiswahili. Nalo huwataka wenyeji nao watoe kitu: kiwanja, au mawe, au nguvu za mikono yao.

Hapo nataka kusimama kidogo, maana kuna watu wanaosema kwamba kumtaka maskini achangie ni ukatili. Swali hili si la leo. Aliyelijibu kwa ukubwa kuliko wote ni Andrew Carnegie, na habari zake zafaa kujulikana na kila mtu atakaye kutoa, kwa ajili ya mema yake na kwa ajili ya makosa yake.

Katika mji wa Dunfermline, Scotland, walikuwako wafumaji wa nguo. Watano katika wafumaji hao walikusanya vitabu vichache walivyokuwa navyo, wakaviweka pamoja, wakawaazima jirani zao. Ndiyo maktaba ya kwanza ya namna hiyo katika mji ule. Mmoja wa watano hao alikuwa baba yake Carnegie. Neno hili nalipenda kuliko mengine yote yaliyoandikwa juu ya tajiri yule. Mwana alijulikana ulimwengu mzima kwa majumba ya mawe, lakini kazi yenyewe ilianzwa na baba, ambaye mali yake ilikuwa mtambo wa kufumia na mikono miwili.

Mashine za mvuke zikaja, kufuma kwa mkono kukafa, na mwaka 1848 jamaa ile ikakopa nauli ikavuka bahari kwenda Marekani, ikakaa Allegheny karibu na Pittsburgh. Andrew, aliyezaliwa mwaka 1835, akaingia katika kiwanda cha pamba kwa dola 1 na senti 20 kwa juma, kisha akawa tarishi wa ofisi ya simu. Shule kwake ilikuwa imekwisha. Basi katika mji ule palikuwa na bwana aitwaye Kanali James Anderson, mwenye vitabu 400 hivi nyumbani mwake. Huyu alitangaza kwamba kila Jumamosi atafungua mlango, na vijana wafanyao kazi waje wachukue kitabu kimoja, na Jumamosi ya pili wakirudishe wachukue kingine. Litazameni jambo hili. Hakujenga nyumba, wala hakuagiza vitabu kutoka ng'ambo. Alitoa kufuli. Tena alitoa Jumamosi zake, nami naona hizo zilikuwa zawadi kubwa kuliko vitabu.

Hata baadaye maktaba ile ilipowekewa kanuni, wasimamizi wakasema ya kuwa kusoma bure ni kwa vijana waliowekwa kwa mkataba kujifunza ufundi tu, na wengine walipe dola 2 kwa mwaka. Andrew hakuwa mwanafunzi wa ufundi. Mwaka 1853, akiwa bado kijana wa miaka 17, akaandika barua gazetini kulalamika, na mwisho wake kanuni ikabadilishwa. Walimu wenzangu, mtoto akigomba kwa sababu amenyimwa kitabu, msifanye haraka kumwita mtundu.

Carnegie akapata mali nyingi mno katika kazi ya chuma cha pua. Mwaka 1889 aliandika makala akisema kwamba mwenye mali iliyozidi ni kama mtunzaji tu, na imempasa kuigawa kwa faida ya watu akiwa yu hai. Mwaka 1901 aliviuza viwanda vyake, na tangu hapo mpaka kufa kwake mwaka 1919 kazi yake kubwa ilikuwa kugawa. Maktaba ya kwanza ya fedha zake ilikuwa imefunguliwa Dunfermline kwao mwaka 1883. Zote pamoja zilipita 2,500, nyingi katika Marekani, Uingereza, Ireland na Kanada, nazo zilifika hata visiwa vya Shelisheli, Morisi na Fiji.

Naye alikuwa na sharti. Mji ukitaka nyumba, utoe kiwanja, na tena uahidi kutoa kila mwaka, katika kodi zake, sehemu ya kumi ya fedha za kujengea. Mji uliopewa dola 10,000 ulipaswa kutoa dola 1,000 kila mwaka kwa mshahara wa mtunzaji, na vitabu, na makaa ya moto wakati wa baridi, na matengenezo. Miji mingine ilikataa. Watu wengi walimwona mgumu, lakini mimi naona hiyo ilikuwa akili ya mtu aliyewahi kuwa maskini. Alijua kwamba siku ya kufungua nyumba watu ni wengi na nyimbo ni nyingi, na siku ya kuziba paa hayuko mtu.

Lakini tazameni tofauti. Mji wa Marekani ulikuwa na kodi na watu wa kuitoza. Kijiji cha wakulima kinachongoja bei ya kahawa au pamba hakina sehemu hiyo ya kumi kila mwaka. Mwaka mmoja kinayo, mwaka mwingine hata mbegu hakina. Kwa hiyo mtu wa nchi tajiri atakaye kusaidia maktaba katika nchi maskini, akitoa nyumba peke yake ametoa ganda. Sehemu ya kumi ya kila mwaka ndiyo kiini chake, na imempasa kuulizana na wenyeji tangu mwanzo: sisi tutatoa kipi, nanyi mtatoa kipi, na kwa miaka mingapi. Aibu ya kuulizana hivyo ni ndogo kuliko aibu ya nyumba yenye jina la mfadhili mlangoni na popo ndani.

Wala nisiwaambieni upande mmoja tu wa Carnegie. Mwaka 1892 wafanya kazi wa kiwanda chake cha Homestead walikataa kupunguziwa mshahara. Yeye mwenyewe alikuwa Scotland, akamwachia msimamizi wake, Henry Clay Frick, na huyu akaleta walinzi wenye silaha. Tarehe 6 Julai wakapigana, watu wakafa pande zote mbili. Chama cha wafanya kazi kikavunjika, na kwa miaka mingi baadaye watu walisimama mbele ya matanuru saa 12 kwa siku. Kisha, mwaka 1898, Carnegie akafungua maktaba nzuri huko huko Homestead. Wako waliosema wazi kwamba mtu aliyechoka namna ile hana nguvu ya kufunua ukurasa. Nami nikifikiri, naona saa zile 12 zilikuwa kufuli vilevile, ijapokuwa mlango ulikuwa wazi. Mtu aliyejaliwa, kabla ya kupeleka masanduku ng'ambo, na amtazame kwanza mpishi wake, na mtumishi wa shamba lake, kama wana nafasi ya kusoma.

Kufuli nyingine ilikuwa ya rangi. Katika miji mingi ya kusini ya Marekani watu weusi walilipa kodi, lakini hawakuruhusiwa kuingia katika maktaba iliyotunzwa kwa kodi hiyo. Katika mji wa Louisville, Kentucky, ilifunguliwa mwaka 1908 nyumba iliyojengwa kwa fedha za Carnegie kwa ajili ya watu weusi, ikaongozwa na Mwafrika wa Marekani, Thomas Fountain Blue, pamoja na wasaidizi wa watu wake; naye akawafundisha kazi watunzaji weusi wa miji mingine. Ubaguzi haukuwa halali kwa sababu hiyo, lakini ndani ya mlango ule mtoto hakuonewa.

Hata kwetu Afrika Mashariki tumeyaona. Mjini Nairobi ilifunguliwa mwaka 1931 maktaba ya McMillan, kwa ukumbusho wa tajiri wa jina hilo, yenye nguzo kubwa na simba wa mawe mlangoni, na shirika la Carnegie lilisaidia katika gharama. Kwa miaka mingi mlango wake ulikuwa wa Wazungu tu. Tangu mwaka 2017 akina dada wawili wa Kenya, Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, kwa chama chao kiitwacho Book Bunk, wameshika kazi ya kuitengeneza upya pamoja na matawi yake ya Kaloleni na Makadara, penye mitaa ya wafanya kazi. Nimefurahi kusikia ya kuwa walianza na matawi hayo kabla ya nyumba ile yenye simba.

Sasa natoka mijini, niwaambieni habari za Kitengesa, ambako naona mambo haya yote yamekutana mahali padogo.

Kitengesa ni kijiji cha Uganda, karibu na mji wa Masaka, katika nchi ya migomba na kahawa. Mwaka 1999 mwalimu mkuu wa shule ya sekondari ya hapo, Emmanuel Mawanda, na Bibi Kate Parry, mwalimu wa mambo ya lugha katika chuo cha Hunter huko New York, walianza maktaba. Ilikuwa sanduku. Ndiyo, sanduku la vitabu, lisilofikia hata vitabu mia mbili, likikaa shuleni. Lakini hili lilifunguliwa. Wanafunzi wakaazima, na majina yakaandikwa katika daftari, na baada ya muda daftari lile likawa ushahidi: mtu akiuliza, Je, wanakijiji wanataka kusoma? anaonyeshwa majina.

Ndipo ilipopatikana fedha ya kujenga nyumba, na asili ya fedha hiyo yapendeza kuisimulia. Huko New York baadhi ya watumishi wa Umoja wa Mataifa wana desturi ya kutoa sehemu moja katika mia ya mshahara wao, kila mtu kwa hiari yake, na kuiweka katika mfuko wa kusaidia kazi ndogo ndogo katika nchi maskini. Mfuko huo ndio uliosaidia kuijenga nyumba ya Kitengesa. Hawa si akina Carnegie. Ni makarani, na wafasiri, na watu wa ofisi. Fanyeni hesabu pamoja nami: mtu apataye shilingi 300,000 kwa mwezi, sehemu moja katika mia ni shilingi 3,000. Haumii mtu kwa hiyo. Walakini ikitolewa na wengi, tena kila mwezi bila kukoma, inasimamisha kuta.

Nyumba ikawekewa taa za nguvu ya jua, na hilo nalo ni jambo kubwa kuliko linavyoonekana. Mkulima hana mchana wa kusoma. Mchana ni wa jembe. Katika kijiji kisicho na umeme jua likitua kitabu kimefungika, kana kwamba mtu amekitia kufuli. Taa ikiwaka, nafasi yake inapatikana.

Tena walifanya neno la busara juu ya watunzaji. Walichagua wanafunzi wa shule ile wasioweza karo, wakawapa kazi ya kuitumikia maktaba, na ujira wao ukawa karo yao. Kwa shilingi zile zile mtoto amebaki shuleni na mlango umefunguliwa. Mimi nimeona miradi mingi ikitafuta njia ya kumlipa mtunzaji ikashindwa, na naungama sikuwahi kufikiri njia hii.

Na watu walipoingia walitaka nini? Wanafunzi walitaka vitabu vya masomo yao, kama ilivyo kila mahali. Lakini watu wazima wengi walitaka gazeti, na gazeti la Kiganda. Hapo msomaji wa Ulaya huenda akasikitika kidogo, maana alituma vitabu vizuri vya hadithi. Asisikitike. Mtu asomaye gazeti katika lugha yake kila siku ni msomaji, na aliyekuja kwa ajili ya bei ya kahawa ataona na mengine rafuni. Bibi Parry, aliye mtaalamu wa lugha, hakuwalazimisha Kiingereza, aliangalia wanachosoma. Tangu mwaka 2001 yeye na mwenzake, Michael Kevane, wana chama huko California cha kusaidia maktaba za vijiji vya Afrika, kinachofanya kazi hata Burkina Faso. Na Uganda wenyewe wana umoja wao wa maktaba za namna hii, ulioundwa mwaka 2007, ambamo maktaba hizo husaidiana kwa mashauri.

Nirudi kwa habari ya zawadi zinazotumwa kwa masanduku, maana najua wasomaji wetu wengine wana jamaa ng'ambo wanaouliza wapeleke nini. Mwaka mmoja mimi mwenyewe nalikuwako tulipofungua shehena iliyotoka mbali kwa watu wema, nisiowataja. Tulikuwa tumelipa gharama za bandarini na za lori kwa mchango wa wazazi, kuku wakauzwa. Ndani tulikuta kitabu cha majina na nambari za simu za mji fulani wa kigeni, sheria za kodi za nchi hiyo za miaka iliyopita, mafundisho ya mashine ambazo hazitengenezwi tena, na juzuu la tatu la kitabu ambacho la kwanza na la pili hatukuviona. Vilivyofaa vilikuwepo, havikufika robo. Wazazi walisimama wakitazama, wala hawakusema neno, na mzee mmoja akachukua kitabu kile cha simu akaona karatasi yake ni nyembamba, yafaa kusokotea tumbaku. Basi hivyo ndivyo kilivyosomwa.

Wenye kazi hii kwa muda mrefu wameyajua hayo. Bibi Hermione Ranfurly, aliyekuwa mke wa gavana wa visiwa vya Bahama, alianzisha mwaka 1954 kazi ya kukusanya vitabu vilivyozidi katika nyumba za watu na kuvipeleka nchi zenye upungufu. Kazi hiyo ingaliko, kwa jina la Book Aid International, lakini siku hizi hupeleka hasa vitabu vipya vinavyotolewa na wapiga chapa, tena vilivyochaguliwa. Kumbe ziada ya nyumbani haikutosha. Ilibidi mtu aulize kwanza.

Na njia nyingine ni kununua kwetu. Tanzania ulianzishwa mwaka 1991 mradi wa vitabu vya watoto kwa msaada wa Kanada. Mpiga chapa wa nchini alipotoa hadithi nzuri kwa Kiswahili, mradi ulimnunulia nakala nyingi na kuzigawa shuleni. Fedha ile ile ilimlisha mwandishi, na mchoraji, na mtu wa mashine, na mtoto alipata hadithi yenye muhogo na fisi wa kwao. Mwenye rafiki ng'ambo na amwambie hivyo: nauli ya sanduku moja zito pengine yatosha kununua sanduku jingine la vitabu vipya hapa hapa.

Kuna wengine wasiongoja mtu wa ng'ambo. Kenya ilianza mwaka 1996 kupeleka vitabu kwa ngamia kutoka Garissa kwa watu wahamao na mifugo. Na katika nchi ya Kolombia, Amerika ya Kusini, yuko mwalimu wa shule, Luis Soriano, wa kijiji cha La Gloria. Yeye alikuwa na vitabu 70. Mimi nalikuwa na 43, kwa hiyo siwezi kusema alinizidi sana. Lakini yeye aliona wanafunzi wake hawana kitabu nyumbani, akavipakia vitabu vyake juu ya punda wawili, mmoja akamwita Alfa na wa pili Beto, majina ambayo yakiunganishwa ni alfabeti kwa Kihispania. Na mwisho wa juma akawa anapanda vilimani, nyumba hata nyumba, akiazima na kusoma na watoto. Hata siku moja akasikia redioni mwandishi wa habari, Juan Gossaín, akisoma kitabu chake, akamwandikia kuomba nakala kwa maktaba yake ya punda. Gossaín akaitangaza habari hiyo, na vitabu vikaanza kuletwa kutoka kila upande wa nchi, hata vikapita elfu nne na nyumba yake ikajaa. Vingi vilikuja, lakini vilikuja kwa mtu ambaye alikuwa amekwisha kutembea na vile 70.

Vile 11 vyangu bado ninavyo. Vimeongezeka, sasa ni 64, na viwili kati yake kurasa zake zimetobolewa na mchwa kama ungo. Haviko chini ya kitanda. Fundi seremala wa kijiji alinitengenezea rafu ya mti usioliwa na wadudu, nami nikamlipa kwa magunia mawili ya mahindi, na rafu iko barazani. Jumamosi alasiri watoto huja, na bibi mmoja mjane huja pamoja nao kusomewa, kisha hujifunza herufi kwa kalamu ya mjukuu wake. Juu ya mlango nimetundika beseni na kata ya maji. Daftari la kuazimia anaandika binti yangu wa pili, naye ni mkali kuliko mimi. Mwezi uliopita vitabu vitatu havikurudi, na kimoja kilirudi kikiwa na mafuta ya taa. Mama watoto aliniuliza kama nitaanza tena kufunga. Nikamwambia nipe siku chache nifikiri. Na Jumamosi ilipofika, kabla sijamjibu, watoto walikuwa wamekwisha kunawa mikono.